Upande wa Pili wa Doti

Siku ya arobaini na tatu tangu Semeni azikwe, kisanduku cha ukutani kilimsalimu Bi Mwajabu kwa adabu zake zote, kisha kikamwarifu, kama kilivyomwarifu kila asubuhi tangu msiba ule, kwamba nusu yake haiko hai.

"Habari za asubuhi, Bi Mwajabu. Upande wa kwanza umelala kwa saa tano na dakika ishirini. Upande wa pili hauna joto wala mapigo. Tafadhali fika zahanati leo."

"Nitafika," Bi Mwajabu alikijibu, huku akizitafuta ndara zake kwa vidole vya miguu.

Alikuwa amekiahidi hivyo hivyo siku zote arobaini na tatu, na hakuwa amekwenda popote. Mwenyewe alikuwa hajambo. Alikuwa na miaka sitini na tisa, meno yake mengi bado ya kwake, na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, ambayo vijana wa siku hizi huja kuipiga picha, ilikuwa ikimtii kuliko binadamu wengi aliowahi kuishi nao. Aliyekufa alikuwa mtu mwingine, na kisanduku hakikuwa na namna ya kulijua hilo.

Kanga zilizokipa kisanduku habari zake zililetwa miaka minne nyuma. Wataalamu walikuwa wamebaini kwamba maradhi mengi hujifichua usingizini kwanza, miaka kabla mwenyewe hajaumwa hata kichwa, hivyo ikaamuliwa kila aliyetimiza miaka sitini na mitano apimwe usingizi wake nyumbani. Kwanza walileta saa za mkononi, wazee wakazitundika msumarini. Wakaleta mito yenye vipimo, wajukuu wakaibeba kwenda nayo bwenini. Mwishowe mwenye akili mmoja akakumbuka kwamba mwanamke wa pwani halali bila kanga, na mumewe naye huivuta hiyo hiyo baridi ikizidi. Zikatengenezwa kanga zenye nyuzi maalumu kwenye pindo, nyuzi zinazosikia moyo, zinazohesabu pumzi, zinazojua joto la mwili na kila mara mtu anapogeuka ubavu. Ukiianika juani mchana, imeshiba nguvu ya usiku mzima. Na popote ilipolaliwa, hata ukiwa mgeni Dodoma, habari zake zilirudi kwenye kisanduku chako ukutani.

Jina lililochapwa kwenye kanga hizo lilikuwa LALA NIKUJUE. Siku ya kugawiwa, wanawake wa Muheza walicheka hadi wengine wakakaa chini. Jua lilipozama kanga ilikuwa imekwisha kupata jina la mtaani, Mbea, kwa kuwa ilijua ya chumbani na haikuweza kufunga mdomo.

Watengenezaji walikosea jambo moja tu. Walidhani doti ni ya mtu mmoja. Kwa mahesabu yao, upande wa kwanza mtu angejifunika kifuani, wa pili angejifunga kiunoni hadi miguuni, na mashine ingelinganisha habari za pande zote mbili za mwili ule ule. Laiti wangemuuliza mwanamke yeyote, angewaambia kwamba doti ikiingia kwenye nyumba yenye ndugu wawili wa kike, hukatwa katikati. Bi Mwajabu aliikata yake jioni ile ile, akazikunga ncha kwa cherehani, na asubuhi akapanda treni kumpelekea mdogo wake Semeni upande wa pili huko Korogwe. Semeni alikuwa ndiyo kwanza ana miaka sitini, hakuwa na haki ya kupewa kanga ya serikali. Lakini tangu lini Mwajabu akavaa kitu ambacho Semeni hana?

*

Saa nne asubuhi hiyo hiyo mtu alipiga hodi. Alikuwa Bwana Mhina, fundi wa vipimo wa wilaya, mtu wa makamo mwenye kipara na begi zito begani. Kanzu yake ya ndoa ilishonwa na Bi Mwajabu, na tangu siku ile hakuwahi kuingia nyumba hii bila kuvua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mhina. Umeletwa na hiki kimbelembele changu cha ukutani?"

"Kimepeleka taarifa juu kwamba nusu ya mama imekufa na nusu inapika chai. Nikaambiwa nije niangalie ipi ni ipi."

Bi Mwajabu alicheka, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Akammiminia chai, akamsogezea na sahani ya vitumbua.

"Upande wa pili uko wapi?" Mhina aliuliza.

"Kabatini."

"Na kabla ya kabatini?"

Bi Mwajabu alikisogeza kikombe chake kushoto, akakirudisha kulia. "Ulikuwa Korogwe. Kwa mdogo wangu, marehemu."

Mhina hakuonyesha kushangaa. Aliuma kitumbua, akatafuna taratibu. "Si wewe peke yako, mama. Wilaya hii nimeshazunguka nyumba kumi na saba. Kuna mzee mmoja kule juu aliambiwa ana mimba ya miezi mitano. Upande wa pili alimpa mke wa mwanawe." Akangoja Bi Mwajabu acheke tena, na alipoona hacheki, akafuta vidole na kutoa kishikwambi chake begini.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwenzake. Wa juu ulikuwa unapanda na kushuka bila haraka, usiku baada ya usiku. Wa chini ulipanda na kushuka, kisha ukanyooka, kisha ukaruka juu ghafla na kuanza tena.

"Hapa paliponyooka ni nini?" Bi Mwajabu aliuliza, ingawa alijua.

"Pumzi imesimama. Hapa sekunde ishirini. Hapa thelathini na tano. Koo linajifunga mtu akilala fofofo, hewa haipiti, moyo unashtuka na kumwamsha nusu nusu bila yeye kujua, halafu analala tena. Mara kumi, mara ishirini kwa usiku." Mhina aliupitisha mwaka mzima kwa kidole kimoja. "Moyo ni nyama, mama. Ukishtuliwa hivi miaka na miaka, huchoka."

"Dawa yake ipo?"

"Ipo. Kuna kifaa cha kuvaa puani wakati wa kulala, kinasukuma hewa. Watu wanaishi nacho mpaka wanakizoea kama miwani." Alisema hivyo akikitazama kioo, hakumtazama yeye.

Kisha akamweleza sheria. Usiku wa mtu, yaani habari za usingizi wake, ni mali yake, na akifa hurithiwa kama shamba au nyumba. Bi Mwajabu akitaja mwenye usiku ule, Mhina angeupeleka wote kwa mrithi kama ulivyo, pamoja na kila onyo lililotolewa, saa lilipotolewa, na kisanduku cha nani kililinyamazisha. Asipotaja, Mhina angeandika kwamba upande wa pili haukuwahi kutumika ipasavyo, angeufuta, na kisanduku kingeanza upya kama siku kilipotundikwa.

"Nyumba nyingi wamechagua kufuta," alisema. "Sitakuona vibaya. Nikibonyeza hapa, yamekwisha."

"Na asiyepata huo urithi, anakosa nini?"

Mhina aliinua macho. "Marehemu aliacha watoto?"

"Mmoja. Tunu. Ana miaka arobaini na moja."

"Maradhi ya namna hii mara nyingine hutembea kwenye ukoo. Mara nyingine hayatembei. Mimi ni fundi, si daktari." Akakifunga kishikwambi. "Nitarudi Jumatatu, mama. Unieleze tu nifanye lipi."

*

Alipoondoka, Bi Mwajabu alifungua kabati akautoa upande wa Semeni. Kwenye kugawa nguo za marehemu alikuwa ameomba huo tu, na watu walimsifu kwa kutokuwa na tamaa. Ulikuwa haujafuliwa. Akakaa nao kwenye kiti cha cherehani, akauweka mapajani, na akajiambia ukweli, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwambia uongo mle ndani.

Alikuwa amejua. Alijua tangu mwezi wa pili baada ya kanga kuletwa. Usiku mmoja jino lilimuuma asipate lepe la usingizi mpaka alfajiri, na asubuhi kisanduku kikamwambia kwamba upande wa kwanza haukulala kabisa, ila upande wa pili ulilala saa nne na robo usiku na kuamka saa kumi na moja kasoro. Alipowasimulia majirani, walisema miguu yake ina akili kuliko kichwa chake, inajua kwenda kulala mapema. Kwa wiki nzima waliiulizia hali ya miguu yake. Naye alicheka pamoja nao, akarudi ndani, akakaa kitandani na kufikiri: saa nne na robo. Ndiyo saa ya Semeni. Semeni husali, hunywa maji kikombe kimoja, hulala.

Angeweza siku ile ile kupiga simu Korogwe. Hakupiga. Badala yake alianza kuingoja asubuhi.

Hili ni gumu kulieleza kwa mtu ambaye hakulala kitanda kimoja na ndugu yake. Wao wawili walikulia Ngomeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la katani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baba alikuwa na simu yenye tochi, na tochi hiyo ilithaminiwa kuliko simu yenyewe, maana vocha ilipatikana kwa nadra na giza lilikuwepo kila siku. Kulikuwa na godoro moja la sponji lililobonyea katikati, na chandarua cha buluu chenye dawa. Vyandarua watoto wa leo hawavijui, malaria imekwisha, wakionyeshwa picha huuliza kama ni vya kuvulia samaki. Yeye Mwajabu alikijua kimoja kwa harufu. Mwanzo wa mwaka kilipokuwa kipya kilichoma macho, na wao wawili walilala mle ndani uso kwa uso wakihadithiana mambo ya shule kwa kunong'ona, mpaka Semeni, mwenye miaka mitano, alipokatisha katikati ya neno na kuzama usingizini.

Na Semeni alikuwa na tabia yake. Angekoroma kidogo, kisha angenyamaza. Pumzi isingetoka wala kuingia. Mama yao aliiita kuzamia. "Mwache, amezamia, ataibuka," alisema, na kweli aliibuka kila mara, kwa mkoromo mmoja mkubwa wa kumtisha paka. Mwajabu alizoea kusubiri katikati ya ukimya ule. Hakulala mpaka amsikie mdogo wake ameibuka. Ulikuwa ukimya wa nyumbani kwao, na hakuna ukimya mwingine uliowahi kumpa amani namna ile, si kwa mume aliyeishi naye miaka kumi na tisa bila mtoto, wala baada ya mume huyo kufa na nyumba kubaki na cherehani tu.

Basi kisanduku kilipoanza kusema, "Upande wa pili, pumzi imesimama mara kumi na mbili," Bi Mwajabu hakusikia maradhi. Alimsikia Semeni akizamia. Alikuwa ameolewa, amefiwa, amezeeka, na bado kila asubuhi aliletewa habari za mdogo wake kana kwamba wamelala chandarua kimoja. Kuna siku alikaa na chai yake akitabasamu mwenyewe.

Zahanati alikwenda mara moja, kwa sababu kisanduku kilimsumbua. Nesi alimpima kifua, akakuta kizima. Aliposoma kwamba pumzi iliyosimama ni ya upande wa pili, akasema, "Mama, miguu haipumui," wakacheka wote wawili, na nesi akamwonyesha pa kubonyeza ili onyo linyamaze. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema kwamba doti imekatwa. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini angesema, wangempelekea Semeni kisanduku chake mwenyewe, na asubuhi za Muheza zingebaki tupu. Akaaga, akatoka, na tangu siku ile alibonyeza kila onyo lilipokuja, kama mtu anayezima jiko.

Hakumuua Semeni. Alijiambia hivyo mara nyingi mchana ule, na kila mara alijua kwamba mtu asiye na hatia hajiambii hivyo. Alilia mpaka kitambaa cha kanga kikaloa, kisha akakianika dirishani kwa hofu kwamba kimeharibika.

*

Jumamosi Tunu alikuja kumtazama, kama alivyofanya kila baada ya wiki mbili tangu msiba. Alikuwa mwalimu wa hisabati huko Korogwe, mrefu kama baba yake, na mwenye mdomo wa mama yake. Alileta maharage mabichi na mkungu mdogo wa ndizi. Wakakaa ukumbini wakimenya maharage kwenye ungo mmoja.

"Umekonda," Bi Mwajabu alisema.

"Nimechoka tu, Mama mkubwa. Nalala mapema, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Juzi nimesinzia nikisimamia mtihani. Watoto wakanipiga picha nikiwa nimefungua mdomo."

Alilisema kwa kicheko. Bi Mwajabu aliangusha maharage nje ya ungo, akainama kuyaokota, na alipoinuka alikuwa hana tena pa kwenda. Alikuwa amepanga kufikiri mpaka Jumatatu. Hakuwa na ndugu mwingine duniani ila huyu aliyekaa mbele yake, na huenda baada ya dakika tano asingekuwa naye tena.

"Tunu, nina jambo. Nikuombe usinikatize, maana nikikatizwa sitamaliza."

Akamweleza. Doti, jino, saa nne na robo, nesi, mistari ya Mhina. Hakulia, kwa kuwa aliona kulia kungekuwa kumwomba Tunu ambembeleze. Tunu aliendelea kumenya mpaka katikati ya maneno, kisha mikono ikasimama ndani ya ungo.

"Siku ile," Tunu alisema Bi Mwajabu alipokwisha, "ulifika saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nilikuwa sijampigia mtu yeyote. Nilikuwa sijapata hata nguvu ya kumfunika. Ukabisha mlango. Nimejiuliza siku zote hizi umejuaje."

"Kisanduku kiliniambia upande wa pili hauna mapigo. Nikapanda treni ya kwanza."

"Nililala chumba cha pili kutoka kwa mama yangu." Sauti ya Tunu ilikuwa ya chini, ya kufundishia. "Ukuta mmoja. Sikusikia kitu. Kila siku najiuliza mimi ni mtoto wa namna gani. Kumbe nilikuwa nyumba moja naye sijui, na wewe uko Muheza unajua."

"Ndiyo."

"Ulinyamazisha mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Mhina anayo idadi."

"Kwa nini, Mama mkubwa?"

Bi Mwajabu alikuwa na majibu mengi mazuri. Nesi alisema hivi, mama yao alisema vile, Semeni mwenyewe alikuwa hapendi kufuatwafuatwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nilifurahi," alisema. "Ilikuwa kama zamani. Nilimsikia amelala karibu yangu, na sikutaka aondoke."

"Ulifurahi," Tunu alirudia. Akasimama, akakung'uta maganda ya maharage kwenye sketi. "Nipe kanga ya mama."

Bi Mwajabu akaileta kutoka dirishani, imekunjwa. Tunu akaiweka kwenye mkoba bila kuinusa wala kuitazama. Bi Mwajabu alipovaa ndara ili amsindikize, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, hata mgeni usiyempenda, Tunu akainua kiganja. "Kaa tu." Akaenda peke yake. Ungo ulibaki na maharage nusu yamemenywa, na Bi Mwajabu hakuyagusa mpaka yaliponyauka.

*

Jumatatu alimwambia Mhina ni usiku wa nani. Mhina aliandika jina la marehemu, la mrithi, na la aliyenyamazisha maonyo. Mkono wake ulisita kwenye hilo la tatu.

"Liandike," Bi Mwajabu alisema. "Mwajabu binti Kombo. Usiandike mkubwa wa familia wala nini."

"Upande wa pili utabaki kwenye kisanduku chako mpaka mrithi aje kusaini tuuhamishe. Akija siku hiyo hiyo tutauhamisha."

"Atakuja," alisema, na alitamani Tunu achelewe, kisha akaona haya kwa kutamani hivyo.

Tunu hakuja kusaini. Hakupiga simu. Bi Mwajabu alipiga mara mbili, haikupokelewa, akaacha, kwa kuona kwamba aliyekosa hana haki ya kuharakisha. Kila asubuhi kisanduku kilimwambia kwamba upande wa kwanza umelala kwa saa tatu, saa nne kasoro, saa mbili na nusu, na kwamba upande wa pili hauna joto wala mapigo. Hakukijibu tena kwamba atafika zahanati. Alishona sare za shule za watoto wa watu, akala kwa sababu ni saa ya kula. Majirani walimwona, wakadhani ni majonzi ya Semeni, wakamletea uji. Hakuwaambia kwamba safari hii anamlilia aliye hai.

Asubuhi ya kumi na moja baada ya Jumamosi ile, kisanduku kilisalimu kama kawaida.

"Habari za asubuhi, Bi Mwajabu. Upande wa kwanza umelala kwa saa nne. Upande wa pili umelala kwa saa sita na dakika tano."

Bi Mwajabu aliketi kitandani.

"Upande wa pili," kisanduku kiliendelea, kwa sauti ile ile isiyojua msiba wala harusi, "pumzi imesimama mara ishirini na nane. Iliyozidi zote, sekunde arobaini na moja. Tafadhali fika zahanati leo."

Tunu alikuwa amejifunika kanga ile. Na Tunu, mwalimu wa hisabati, aliyeelezwa kila kitu mbele ya ungo wa maharage, alijua fika habari zake zingeamkia ukuta wa nani. Hakuwa amekosea. Alikuwa amejilaza chini ya kanga ya mama yake, akafumba macho, na kumwachia mama yake mkubwa usiku wake wote.

Kile kitufe cha kunyamazisha kilikuwa kinawaka ukutani. Bi Mwajabu alikipita, akachukua simu.

Iliita mara moja tu.

"Kimesemaje?" Tunu aliuliza.

Hakuamkia. Bi Mwajabu alilitambua hilo, akalipokea. Kwa kitambo alitamani kumpunguzia, japo tatu, japo nne, kama mtu anavyomchanganyia mtoto dawa na sukari. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka kwa uongo huo mdogo wa huruma.

"Mara ishirini na nane," alisema. "Iliyozidi zote sekunde arobaini na moja."

Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya, na Bi Mwajabu alisikiliza kwa mwili mzima mpaka aliposikia Tunu akivuta hewa na kuitoa.

"Ningeweza kwenda kwa fundi akahamishia habari za kanga kwangu," Tunu alisema. "Nilitaka nione kama utaniambia."

"Nimekuambia."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuambia. Leo oga, usiende shule. Napanda treni ya saa moja, twende wote hospitali. Wakikataa kutupokea nitakaa mlangoni mpaka wachoke."

Tunu alicheka, au labda alikuwa analia, kwenye simu havitofautiani sana. Vilikuwa na mdomo wa Semeni vyote viwili. Bi Mwajabu alikuwa amekwisha kuvaa baibui na anatafuta funguo kwa mkono mmoja alipoisikia sauti ile tena, safari hii ndogo, ya mtoto wa nyumbani.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

Bi Mwajabu alichelewa kuitikia, mpaka Tunu akadhani simu imekatika.